Maisha ya Bwana Mohamed Amin, Mpiga Picha

Muhula uliopita mwalimu wetu wa chama cha picha alitupa kazi mbili. Kazi ya kwanza, kila mwanachama apige picha ya uso wa mtu mmoja anayemfahamu. Kazi ya pili, asome habari za mpiga picha mashuhuri aliyekwisha kufariki, kisha aziandike. Mimi nilimchagua Bwana Mohamed Amin, kwa kuwa yeye naye alianza kazi yake katika chama cha picha cha shule, tena katika nchi yetu hii.

Bwana Mohamed alizaliwa Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943. Asili ya wazazi wake ni Bara Hindi, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mohamed alipokuwa angali mtoto, jamaa yao ilihamia Dar es Salaam. Huko, alipopata umri wa miaka 11 hivi, alijipatia kamera kuukuu ya Box Brownie. Kamera ya namna hiyo ni kisanduku tu chenye kioo mbele na kitufe cha kubonyeza, nayo haifai kitu penye mwanga hafifu. Shuleni kwake palikuwa na chama cha picha, akajiunga nacho, na hapo ndipo alipojifunza misingi ya kazi. Siku zile mtu hakuweza kuiona picha papo hapo kama tufanyavyo leo. Ilimpasa kwanza aisafishe filamu katika chumba cha giza, na kama alikosea, hasara ilikuwa yake. Kwa hiyo alijizoeza kutazama vema kabla ya kubonyeza. Kabla hajamaliza shule alikuwa amekwisha anza kuuza picha kwa magazeti.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix huko Dar es Salaam. Mwaka uliofuata yalitokea mapinduzi ya Unguja, naye alikwenda kuyapiga picha. Lakini kazi hii ina hatari zake. Mwaka 1966 alifungwa gerezani Unguja kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa katika nchi. Akahamia Nairobi na kuanza upya. Mwaka 1969 Bwana Tom Mboya alipopigwa risasi mjini Nairobi, Bwana Mohamed aliwahi kufika na kamera yake, na kwa kazi hiyo alipewa tuzo Uingereza. Vilevile alimpiga picha mara nyingi Idi Amin wa Uganda, ambaye sisi wa Kagera tunamkumbuka kwa majeshi yake yaliyovuka mpaka mwaka 1978. Hao wawili walishirikiana jina tu, hawakuwa ndugu.

Kazi iliyomfanya ajulikane ulimwenguni kote ni ile ya mwezi wa Oktoba 1984. Alikwenda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na Bwana Michael Buerk wa BBC. Huko walikuta maelfu ya watu wamelala uwanjani kwenye baridi ya alfajiri, wakifa kwa njaa. Bwana Mohamed alipita kati yao akiwapiga picha za sinema. Zilipoonyeshwa katika televisheni Uingereza tarehe 23 Oktoba, na baadaye katika nchi nyingine nyingi, watu walishtuka mno. Fedha na chakula vikaanza kuchangwa, na tarehe 13 Julai 1985 wanamuziki mashuhuri walifanya tamasha kubwa la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia.

Habari hii ilileta mabishano makubwa chamani. Mwenzetu mmoja alisema kwamba wagonjwa wale hawakuombwa ruhusa, na ya kuwa tangu siku hiyo wageni wengi humdhania kila Mwafrika kuwa ni mtu wa njaa. Mimi nilisimama nikampinga kwa maneno makali. Nilisema mpiga picha hana wakati wa kuomba ruhusa, kazi yake ni kuwahi. Wengi walinipigia makofi, nami nikaketi nikijiona mshindi.

Mwaka 1991 ghala ya silaha ililipuka mjini Addis Ababa. Mwenzake, Bwana John Mathai, alikufa pale pale, na yeye mwenyewe akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Mwisho wake ulifika tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopia aliyokuwa akisafiria ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Katika watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, na yeye alikuwa mmoja wao. Waliosalimika walieleza kwamba mpaka dakika za mwisho alikuwa amesimama akisema na watekaji.

Mwaka huo huo wa 1996, mwezi wa Mei, babu yangu alikufa maji katika ajali ya meli ziwani, ajali ambayo kila nyumba ya Bukoba na Muleba inaijua. Likizo ilipofika nilikwenda kwa bibi, Muleba, na kamera ya chama. Nilimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba. Nikamwelekezea kamera hata kabla ya kumwamkia. Bibi aligeuka, akajifunika uso kwa kanga, akaniuliza tangu lini watu hupigwa picha kama wezi. Niliona haya sana. Nikayakumbuka maneno yangu ya chamani. Korem palikuwa na kifo, na saa moja ilikuwa na thamani. Lakini mimi nilikuwa na likizo nzima.

Niliiweka kamera sandukuni, nikamsaidia kazi siku nne. Jioni moja alinisimulia habari za babu. Alisema babu alikuwa na picha moja tu, nayo ilikuwa katika kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake siku ile. Basi sura yake imebaki katika macho ya bibi peke yake. Baba yangu mwenyewe amekwisha kuisahau.

Asubuhi ya siku ya tano bibi aliniita bila kuombwa. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Nikatundika shuka jeupe ukutani, nikamweka karibu na mlango ili mwanga umwangukie upande mmoja wa uso, nikayalenga macho yake. Nilipiga picha tatu tu. Aliniagiza nichape nakala sita, moja kwa kila mtoto wake, wasije wakapata shida waliyoipata kwa baba yao.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna wazee nyumbani wasio na picha hata moja. Likizo ijayo nendeni kwao. Waamkieni kwanza, kisha muwaombe ruhusa. Nanyi wazazi, mkiombwa, msikatae.