Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Amana ya Wakati

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, haya ni maelezo mafupi ya maisha ya mwanachuoni mkubwa wa pwani yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndani yake mna mafunzo kwa kila mwanamume mwenye kazi na mwenye nyumba. Kwani wengi wetu hupotea kwa moja katika njia mbili. Yuko auzaye siku zake zote kwa kazi, hata akawa mgeni kwa watoto wake mwenyewe. Na yuko aketiye barazani tangu asubuhi hata jioni, akidai kuwa yu pamoja na jamaa zake, ilhali jamaa hao hawana chakula. Wa kwanza ameidhulumu nyumba kwa ajili ya kazi, na wa pili ameidhulumu nyumba na kazi pamoja.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui ulioitawala Mombasa kabla ya mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa katika maulamaa wakubwa wa zama zake, lakini alifariki mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Basi akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hivyo yatima huyu hakuachwa kuranda njiani. Alipata mtu mzima ambaye, pamoja na shughuli zake nyingi, alimtengea sehemu ya wakati wake. Na kama asingaliipata sehemu hiyo, huenda pwani isingalimpata Sheikh Al-Amin.

Alipokua alikwenda Unguja kutafuta elimu, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na kwa Sheikh Abdallah Bakathir. Sayyid Ahmad, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa nahodha na mfanya biashara katika ujana wake kabla ya kuwa kadhi wa Unguja. Sheikh Abdallah, mzaliwa wa Lamu, alikuwa na chuo chake mtaa wa Ukutani, na wanafunzi walimwendea kutoka pande zote za pwani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwa walimu hawa mwanafunzi aliweza kuona kwa macho yake kuwa elimu haikatazi kazi ya mikono wala safari ya riziki, wala riziki haimzuii mtu kuwa mwanachuoni, maadamu kila kitu kimewekwa mahali pake.

Sheikh Al-Amin aliporejea kusomesha Mombasa, mji ulikuwa umekwisha geuka. Reli iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1896 ilikuwa imefika kwenye ziwa la Nyanza mwaka 1901. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka 1907, na wenye mashamba waliozoea kulimiwa wakabaki na ardhi isiyo na mikono. Wengi waliiuza, na fedha zake zikaishia katika arusi na matanga. Bandari, reli na ofisi za serikali zilitaka watu wajuao kusoma maandishi ya Kizungu na kufika kazini kwa saa iliyowekwa. Na wageni ndio waliozipata kazi hizo, na wenyeji wakabaki kulaumu. Sheikh aliyatazama haya kwa uchungu, lakini hakuridhika na kulaumu tu.

Mwaka 1930 alianzisha karatasi kwa lugha ya Kiswahili, akaiita Al-Sahifa. Mwezi wa Februari mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwaonya watu juu ya uvivu, na juu ya israfu katika arusi na vilio. Akawahimiza wasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike, elimu ya dini na elimu ya dunia. Akawakataza kuiga yaliyo mabaya ya Wazungu na kuyaacha mazuri yao. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Na gazeti la kila wiki, ndugu msomaji, halimngoji mtu apate nafasi. Wiki ikiisha hutakiwa jingine, liwe limeandikwa, limesahihishwa na kupigwa chapa. Kazi ya namna hii haifanywi kwa bidii ya siku moja kubwa kisha mapumziko ya mwezi. Hufanywa kwa kidogo kisichokatika, nayo ndiyo amali ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa hupendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu hata ikiwa ni chache.

Mwaka huo huo wa 1932 akapewa ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Baada ya kuushika ukadhi, gazeti halikudumu. Mtu aweza kusema kuwa hii ilikuwa hasara, na kwa wasomaji hapana shaka ilikuwa hasara. Lakini mbele ya kadhi huketi mjane anayengoja mirathi yake, na mke aliyetelekezwa, na ndugu wanaogombea shamba. Na haki yao haingoji. Hakuna anayeweza kubeba kila mzigo kwa wakati mmoja. Mwenye akili huutua mmoja ili auchukue mwingine kwa mikono miwili, wala haoni haya kwa kuutua.

Lakini hakuutua mzigo wa elimu. Katika miaka ya ukadhi aliendelea kuandika vitabu vidogo vya Kiswahili vya kuwafunza watu dini yao, akaanza kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, na akaandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wa Mazrui.

Ama nyumbani kwake, mwaka 1933, ndio kwanza ameushika ukadhi, alizaliwa mwanawe Ali. Sheikh alitaka kijana huyu aende Misri, kwenye chuo cha Azhar, awe mwanachuoni kama wazee wake. Mwenyezi Mungu alikadiria vingine. Sheikh alifariki mwaka 1947, umri wake miaka 56, na mtoto hajatimiza miaka 15. Ali akasoma Uingereza na Marekani, akawa profesa aliyejulikana duniani kote. Na alipofariki Marekani mwaka 2014 alirejeshwa Mombasa akazikwa penye makaburi ya wazee wake. Hakwenda njia aliyoitaka baba yake, lakini alikuwa mtu wa kalamu na wa hoja kama yeye, na hakuacha kumtaja. Miaka ile michache ya pamoja haikupotea.

Na kazi nyingi za Sheikh zilibaki hazijatimia. Tafsiri ya Kurani hakuimaliza, wala tarehe ya Mazrui hakuimaliza. Lakini alikuwa ametoa sehemu ya wakati wake kwa wanafunzi, nao hawakumwangusha. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alisimamia kutolewa kwa sehemu ya tafsiri aliyoiacha mwalimu wake, naye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1963. Mwaka 1968 akafuatiwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeshika njia ile ile, akaifasiri Kurani yote kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1969. Na ile tarehe ya Mazrui ilipigwa chapa mwaka 1995, miaka 48 baada ya mwandishi wake kuzikwa. Lau angalizitumia saa zote kwa karatasi zake, asiwape wanafunzi kitu, pengine angalimaliza kitabu kimoja zaidi, na asiwepo wa kukitunza.

Basi zingatia, ewe ndugu. Ukiwa karani bandarini Mombasa, au una duka mbali na bahari, huko Mkiwa katika nchi ya Singida, na watoto wako wako pwani, hukumu ni moja. Sala tano zimekwisha kukugawia siku kabla hujanunua saa ya ukutani. Baina ya alfajiri na adhuhuri fanya kazi ya riziki kwa ukweli, usiichanganye na porojo. Baada ya magharibi uwe wa mkeo na wanao na kitabu chako. Na ukiwa mbali nao, wapelekee matumizi na salamu kabla hawajakuuliza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfunza sahaba aliyezidisha ibada kuwa mwili wake una haki juu yake, na mkewe ana haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kula haki hiyo, seuze biashara?

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na walimu wake na wanafunzi wake, na atujaalie sisi baraka katika wakati wetu, na katika kazi zetu, na katika nyumba zetu. Amin.