Frans Hogenberg na Taswira ya Kilwa Katika Bamba la Shaba

Frans Hogenberg alizaliwa yapata mwaka 1535 huko Mechelen, katika Ubelgiji ya leo. Baba yake, Nicolas, alikuwa mchoraji wa mabamba ya shaba, na mwana akairithi kazi hiyo. Kwa kuwa alikuwa Mprotestanti, mwaka 1568 utawala wa Kihispania ulimfukuza Antwerp. Alikimbilia London, kisha akalowea Cologne, Ujerumani, alikofariki mwaka 1590. Sehemu kubwa ya ramani za atlasi ya Abraham Ortelius, iliyotoka mwaka 1570, ni kazi ya mkono wake.

Kazi inayowahusu zaidi wanazuoni wa Uswahilini ni Civitates Orbis Terrarum, mkusanyo wa picha za miji uliohaririwa na Georg Braun. Juzuu ya kwanza ilichapishwa mwaka 1572, na karatasi yake moja inaziweka pamoja Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mbinu aliyoimudu Hogenberg ilikuwa ya tindikali: bamba hupakwa nta, mistari huchorwa kwa sindano, tindikali huila shaba iliyo wazi, kisha wino hujazwa katika mifuo na kukandamizwa juu ya karatasi.

Hogenberg hakufika Afrika Mashariki. Inaaminika kuwa alifuata michoro ya Wareno, ambao waliiteka Kilwa mwaka 1505 na kuihama ngome yao mwaka 1512. Kwa hiyo, picha ilipotoka, miaka 60 ilikuwa imekwisha kupita. Mtafiti anayeitumia kuthibitisha umbo la majengo anaitwika mzigo isioweza kuubeba. Shahidi bora ni magofu yenyewe, hususan Msikiti Mkuu wenye kuba.

Thamani ya picha imo katika mpangilio wake. Dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoitajirisha Kilwa, na bandari hizo nne zilikuwa pande za biashara moja ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, jicho linalotazama ni la baharia. Mto Mngeta huteremka kutoka Udzungwa na kuingia Kilombero. Kilombero na Luwegu huungana kuwa Rufiji, ambao humwaga maji yake kaskazini mwa Kilwa. Bara hilo lote halimo katika bamba. Anayeithamini picha hii ipasavyo hana budi kusoma kilichochorwa pamoja na kilichoachwa.