Mashine ilihifadhi sauti ya Siti binti Saad, lakini si yote

SITI binti Saad alifariki Julai 8, 1950, lakini hadi leo wapenzi wa taarab wanaisikiliza sauti yake. Hata hivyo, wanachokisikia si sauti yote aliyojaliwa, bali ile iliyowezwa kubebwa na mitambo ya zama zake.

Malenga huyo alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mnamo 1880. Wazazi wake walikuwa mafukara wa asili ya utumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alijifunza kufinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi. Husimuliwa kwamba wanunuzi waliisikia sauti yake kabla ya kumwona.

Mnamo 1911 alihamia mjini, ambako Ali Muhsin alimfunza kuimba. Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, alizihifadhi nyimbo zake kichwani. Taarab ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake wakaieneza kwa Kiswahili miongoni mwa watu wa kawaida.

Mwaka wa 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Safari hiyo ilifanyika wakati mwafaka. Kabla ya 1925, mwimbaji alilazimika kupaza sauti ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti hiyo pekee ndiyo iliyosukuma sindano ichore mfuo kwenye nta. Sauti nyembamba sana na nzito sana zilipotea, na ala laini kama udi hazikusikika vyema.

Maikrofoni na umeme vilipoingia, mwimbaji hakuhitaji tena kupiga kelele, na ala zikasikika wazi zaidi. Lau Siti angerekodi miaka michache kabla ya hapo, huenda tungemsikia kama mtu anayeimba nyuma ya ukuta.

Bado palikuwa na mipaka. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao barazani ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, ulibidi ukatwe au ugawanywe pande mbili.

Mashine ya kuchezea nayo ilikuwa na yake. Gramafoni ya mkono iliendeshwa kwa springi. Springi ilipolegea, santuri ilizunguka polepole kuliko mizunguko 78 kwa dakika, na sauti ya mwanamke ikawa nzito mithili ya mwanamume. Sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila mara. Ikiachwa kuchakaa, iliukwangua mfuo na kuacha mikwaruzo isiyofutika.

Katika taarab hasara hiyo si ndogo, kwa sababu uzito wake umo katika maneno. Wimbo Kijiti, kwa mfano, unahusu mauaji ya mwanamke na jinsi muuaji alivyoukwepa mkono wa sheria. Neno moja likimezwa na mikwaruzo, kisa hupungua.

Wanaohamisha santuri hizo kwenye vyombo vya kisasa hukumbana na mtihani huohuo. Mchakacho wa santuri umo katika eneo lilelile la sauti kama herufi za s na sh. Anayeusafisha kupita kiasi huondoa pia ncha za maneno ya Siti, na anayekosea kasi humpa sauti isiyo yake.

Mwandishi Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu hicho hutunza mengi ambayo santuri haikuweza kuyabeba. Kwa hivyo, anayesikia nakala hafifu ya Siti asiharakishe kuamua kuwa sauti yenyewe ilikuwa hafifu. Atafute kwanza nakala iliyotolewa kwenye santuri isiyochakaa na kuchezwa kwa kasi sahihi.