Mwalimu Edward Gallagher

Edward Gallagher alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Kansas, Marekani. Alisoma katika Chuo cha Kilimo na Ufundi cha Oklahoma, mjini Stillwater, akasifiwa kwa mbio na kwa mpira wa Kimarekani. Mwaka 1909 alihitimu masomo ya uhandisi.

Mwaka 1916 alianza kufundisha mieleka chuoni hapo, ingawa mieleka siyo iliyompa sifa alipokuwa mwanafunzi. Basi alitumia elimu aliyokuwa nayo. Aliutazama mwili wa mtu kama mtambo: mkono ukivutwa, uzito unaegemea wapi? Mguu upi ukiondolewa, mtu ataanguka? Kwa njia hiyo alibuni mishiko mingi, hata kijana mwembamba akaweza kumwangusha mwenye nguvu.

Matunda yalionekana. Tangu 1928 hadi 1940 timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 11. Wanafunzi wake wawili, Robert Pearce na Jack van Bebber, walipata nishani za dhahabu katika Olimpiki ya 1932.

Lakini alipatwa na ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha viungo. Mwili aliouelewa sana ukaanza kumwasi. Hata hivyo hakuacha kazi. Timu yake ilishinda tena mwaka 1940, na mwezi Agosti mwaka huo akafariki. Jumba la michezo la chuo lingali lina jina lake.

Basi, wanafunzi wenzangu, anayependa michezo asidharau hesabu, na anayependa hesabu asidharau michezo.