Alvin Ailey: Mtoi wa mashamba ya pamba aliyepelekwa baleti na wasee wa class, akakataa kutoka

Sema ukweli wako. Mabeste wakikuambia Ijumaa jioni form ni kwenda kucheki baleti tao, si nyama choma, si gemu, utafanya nini? Najua. Utashikwa na homa ghafla. Ama utauliza tiketi ni ngapi, halafu simu izime chaji. Kwa vichwa vya wengi wetu baleti ni ya mababi: wasee wamevaa taiti, wanasimama na vidole vya miguu, na wewe uko hapo kwa kiti hujui ucheke ama upige makofi.

Haya, kabla ukatae hiyo tiketi, nipe dakika chache nikupigie stori ya chali mmoja anaitwa Alvin Ailey. Alidedi kitambo, 1989, lakini vile alianza utamtambua haraka sana.

Alizaliwa 5 Januari 1931 huko Rogers, Texas. Hapo ni ocha kabisa, na ni wakati uchumi wa Marekani umeanguka kiasi kwamba hata wazungu walikuwa wanapiga foleni ya supu. Sasa piga picha ya mtu mweusi. Mzae wake alihepa Alvin akiwa bado mchanga, akabaki na mathe, Lula, ambaye mwenyewe alikuwa msichana mdogo tu. Hawa wawili walihama kutoka mji mmoja hadi mwingine wakitafuta job. Mathe aliosha nyumba za wazungu, akachuma pamba, na Alvin pia akachuma pamba kabla hajajua kusoma vizuri. Akiwa na miaka kama mitano, wazungu fulani walimbaka mamake. Texas ya wakati huo hakuna mahali ungeenda kushtaki. Mtoi alikua akiwa na hiyo kitu ndani, haongei.

Lakini kulikuwa na sehemu mbili zenye moto. Moja ni kanisa la Kibaptisti, watu wamevaa nguo nyeupe wanapelekwa majini kubatizwa, wamama na fani zao wanapepea joto, nyimbo zinaimbwa mpaka benchi zinatetemeka. Ya pili ni zile klabu za Jumamosi usiku, pombe, kisu hapa na pale, na muziki wa bluzi. Wasee wa Jumamosi usiku ndio hao hao wa Jumapili asubuhi. Umeshawahi kaa mtaa wowote Nairobi, hiyo haihitaji maelezo. Alvin alikuwa mtoi mnyamavu, kwa hivyo alicheki kila kitu na kuweka.

Vita Kuu ya Pili ikiwa imeshika, mathe akaskia kuna job Los Angeles, kwa viwanda vya ndege. Wakahama. Na hapa ndio stori inaanza.

Shule yao ikawapeleka trip. Hakuna kitu kubwa, ni zile trip za shule, mko kwa kikundi mnapigiana kelele, mwalimu amechoka. Waliwapeleka kucheki Ballet Russe de Monte Carlo, kampuni kali ya baleti ya wakati huo. Alvin akakaa kwa kiti na kitu ikamshika. Shida ni moja tu: pale jukwaani hakukuwa na mtu anamfanana. Ilikuwa kama kucheki sherehe ya jirani kupitia dirisha.

Hakuacha. Akawa anaingia tao kucheki kila show alipata. Siku moja akafika Biltmore Theatre na akapata Katherine Dunham na kampuni yake. Dunham alikuwa mwanamke mweusi, amesoma anthropolojia, amezunguka visiwa vya Karibi akisomea ngoma za watu wetu waliopelekwa huko, na sasa amezileta jukwaani na mavazi ya nguvu. Wachezaji walikuwa weusi. Msee, hapo ndio kijana alijua hiyo mlango inafunguka.

Lakini kujua na kuingia ni vitu mbili. Alvin alikuwa na aibu noma. Mwili mkubwa, mabega ya mchezaji wa raga, na enzi hizo mwanaume wa mtaa kusema anataka kudensi ni kujitafutia majina. Unayajua hayo majina. Aliyemvuta ni rafiki wa shule, dame anaitwa Carmen de Lavallade, ambaye tayari alikuwa anajua kudensi balaa. Mwaka wa 1949 Carmen akamleta hadi studio ya mzungu mmoja anaitwa Lester Horton, huko Hollywood. Horton alikuwa mtu wa ajabu kwa hiyo nchi: kampuni yake ilichanganya weusi, wazungu, Waasia, Wamexico, wakati sehemu kubwa ya Marekani haingekuruhusu kukaa kiti kimoja cha basi.

Usidhani alikubali mara moja. Alienda, akahepa. Akarudi, akahepa tena akaenda chuo. Alipofika San Francisco kusoma, akakutana na dame mwingine mrefu, mama ya mtoto mmoja, anatafuta riziki kama yeye. Wakaunda kikundi cha densi cha watu wawili, Al na Rita, wanachapa show ndogo ndogo wapate doh ya chakula. Huyo Rita baadaye alijulikana na jina lingine: Maya Angelou. Ndio, yule yule wa vitabu. Sisi wengine mabeste wetu wa kusota nao bado wanadaiwa Fuliza.

Novemba 1953 Horton akafariki ghafla, moyo. Kampuni ikabaki bila kichwa. Alvin ako na miaka 22, hajawahi kutunga hata densi moja ya maana, na ndiye akachukua usukani. Mwaka uliofuata yeye na Carmen wakaitwa New York, Broadway, kwa show inaitwa House of Flowers. Carmen tena. Ukihesabu maisha ya huyu jamaa, kila mlango mkubwa unampata huyo dame amesimama hapo ameushika wazi.

New York ilikuwa na densi kibao lakini mtu mweusi alikuwa wa kuitwa na kuachwa. Show ikiisha, umerudi kusota. Basi 30 Machi 1958 akakusanya wachezaji wake mwenyewe, wakakodi jukwaa la 92nd Street Y, wakapiga usiku mmoja. Moja ya kazi za usiku huo, Blues Suite, ilitoka moja kwa moja kwa zile klabu za Texas. Hiyo ndiyo kampuni iliyoendelea kuishi na jina lake: Alvin Ailey American Dance Theater.

Halafu 31 Januari 1960, akiwa na miaka 29, akatoa Revelations. Sikiza, hii ndiyo unafaa kujua hata kama utasahau zingine zote. Mtu alichukua lile kanisa la utotoni akaliweka jukwaani lote. Inaanza na watu wamebanana katikati, mikono imenyooshwa kama mabawa, wamelemewa. Inaenda kwa ubatizo: vitambaa vyeupe na vya buluu vinavutwa jukwaani vinakuwa mto, na mwanamke mmoja ameshika mwavuli mkubwa mweupe. Inamalizikia kwa wamama wa kanisa wamevaa njano, kofia, stuli na fani, wanasengenyana joto likiwachoma, mpaka roho inawapanda wote. Ni kama dakika 36 tu. Wacheza wana mafunzo ya baleti kwa miguu, mbinu ya Horton kwa mgongo, na Texas kwa nyonga. Nyanya yako angeelewa bila kuambiwa kitu.

Dunia ikaelewa pia. Mwaka wa 1966 walikuwa Dakar, kwa ile tamasha kubwa ya sanaa za watu weusi. Mwaka wa 1970 wakaingia Urusi, nyumbani kwa baleti yenyewe, na huko Leningrad watu walipiga makofi zaidi ya dakika 20. Mwaka huo huo American Ballet Theatre, kampuni ya baleti ya wazito, ikamwita awatungie kazi, akawapa The River, muziki wa Duke Ellington. Yule mtoi wa dirishani sasa ndiye anapanga sherehe.

Mwaka wa 1971 hakuwa na doh ya kumnunulia mathe zawadi ya maana ya bathdei. Akamtungia densi. Inaitwa Cry, mwanamke mmoja jukwaani kwa dakika kama 16, Judith Jamison, na kitambaa kirefu cheupe ambacho mara ni cha kupigia deki sakafu, mara ni shuka, mara ni taji. Fikiria Lula ameketi mahali akijua hiyo sakafu ni zile alizoosha.

Sasa hapa ndio stori inakaza. Alvin aliweka maisha ya kila mtu jukwaani isipokuwa yake. Alipenda wanaume na hakutaka mathe ajue. Aliishi kama mtu wa kujificha, keja yake watu wachache walifika. Kazi ikazidi, kokeini ikaingia. Mwaka wa 1979 rafiki yake wa kitambo, mchezaji Joyce Trisler, akafariki, na mwaka uliofuata Alvin akavunjika kabisa. Polisi wakamshika, akalazwa hospitali wiki kadhaa, madaktari wakapata ana ule ugonjwa wa akili unaokupandisha juu na kukuangusha chini. Alitoka, akarudi kazini, akatunga zingine. Lakini hakuwa yule wa kwanza.

Akashikwa na ukimwi. Enzi hizo, unajua vile ilikuwa hata hapa kwetu: matangazo ya vifo yakisema tu mtu ameugua kwa muda, na kila mtu kwa matanga anaangalia chini. Alvin akamwomba daktari wake atangaze ni ugonjwa wa damu, ili mathe asionyeshwe vidole. Daktari akafanya hivyo. Alifariki 1 Desemba 1989, akiwa na miaka 58. Hiyo tarehe ni Siku ya Ukimwi Duniani. Lula, aliyemzaa akiwa msichana, ndiye aliyemzika.

Maelfu walijaa kathidro ya St. John the Divine, New York. Maya Angelou, yule Rita, alisimama akamwaga. Judith Jamison akachukua kampuni, akaishika zaidi ya miaka 20. Na mwaka wa 2014, Obama, mjukuu wa Kogelo, akamtunuku nishani kubwa kabisa ya raia wa Marekani, miaka 25 baada ya kuzikwa.

Kwa hivyo hiyo tiketi ya Ijumaa. Usijali kama hujui majina ya miondoko, hata Alvin hakuyajua siku ya kwanza. Na ikitokea siku moja uko mahali Revelations inachezwa, usikimbilie mat ati umewahi. Ile sehemu ya mwisho, ya wamama na fani, makofi yakizidi huwa wanairudia.