Sayyida Salme, aliyejiandika mwenyewe

Huku Kisii ninakoishi, wakitajwa wanawake wa zamani hukosi kusikia jina la Moraa wa Ngiti, aliyemchochea Otenyo amchome mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1908. Moraa hakuacha barua. Habari zake zote zimepitia vinywa vya wengine. Juzi jirani yangu, mtu wa Nyamira, akaniuliza: nyinyi wa Pwani mnaye nani? Nikamjibu kwamba tunaye aliyejiandika mwenyewe, ila wengi wetu hatupendi kumtaja.

Sayyida Salme alizaliwa 1844 Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said kwa suria wa Kicherkesi. Mabinti wa jumba la kifalme walifunzwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo ikamponza mapema. Mwaka 1859, Barghash alipomwasi kaka yao Majid, binti huyu wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Uasi ukashindwa, naye akabaki na lawama.

Mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, ana mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Huko Aden akabatizwa na kuolewa, akaitwa Emily.

Hapo ndipo watu wetu wengi hufunga kitabu. Dini si jambo dogo, nami simtetei kwa hilo. Lakini kitabu sikifungi, maana yaliyofuata ni mazito. Mtoto wao wa kwanza alifariki mchanga. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto 3 wadogo katika nchi ya baridi isiyo na jamaa yake hata mmoja. Akasomesha Kiarabu ili wapate kula. Akaanza kuwaandikia wanawe habari za kwao, na maandishi hayo yakachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Mwaka mmoja kabla yake alirudi Unguja na meli za Wajerumani, kudai urithi. Sultani sasa alikuwa Barghash, yule yule aliyemwandikia barua. Alikataa kumwona.

Alifia Jena mwaka 1924. Akazikwa Hamburg, pamoja na mfuko wa mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.