Bibi Curie na Mashine Iliyomfuata Majeruhi

Mashine ya eksirei ya kuhamishika, ile isukumwayo kwa magurudumu mpaka kando ya meza ya upasuaji, siku hizi ni bidhaa kubwa katika soko la dunia. Viwanda vya Marekani, Ujerumani na Uholanzi vinashindana kuiuza, na hospitali nyingi za nchi maskini huitamani lakini haziiwezi bei yake. Kwa hiyo twaona yafaa leo kuyakumbuka maisha ya bibi mmoja aliyeipeleka mashine hiyo kwa wenye maumivu pasipo kutafuta faida.

Marie Curie alizaliwa Warsaw, nchini Poland, tarehe 7 Novemba 1867, wakati mji huo ulipokuwa chini ya utawala wa Urusi. Chuo kikuu cha huko hakikupokea wanawake. Basi alifanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu wenye mali, akamsaidia dada yake kusoma udaktari Paris. Zamu yake ilipowadia mwaka 1891, naye akaenda.

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie. Mwaka huo huo Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei, akakataa kuchukua hataza, yaani haki ya mtu mmoja kujiwekea faida ya uvumbuzi. Bibi Curie na mumewe walifanya vivyo hivyo kwa radiamu waliyoigundua mwaka 1898. Mwaka 1903 walipata Tuzo ya Nobel, wakagawana na Henri Becquerel. Pierre aligongwa na gari la farasi mwaka 1906 akafa, lakini mjane wake hakuacha kazi, na mwaka 1911 akapata tuzo ya pili.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, eksirei ilikuwa imekwisha julikana kwa karibu miaka ishirini, lakini mashine zake zilikaa katika hospitali za mijini. Karibu na mapigano, daktari alitafuta risasi na vipande vya makombora mwilini mwa askari kwa kubahatisha. Wengi walikatwa viungo, na wengine walikufa njiani wakipelekwa mbali.

Bibi Curie aliona kuwa ikiwa majeruhi hawezi kuifikia mashine, basi mashine na imfuate majeruhi. Aliomba fedha kwa vyama vya wanawake, na magari kwa matajiri. Ndani ya kila gari alitia chombo cha eksirei, vifaa vya kusafishia picha na mapazia ya kuleta giza. Umeme ulitoka katika dainamo iliyozungushwa na injini ya gari lenyewe. Hivyo daktari mpasuaji aliweza kujua risasi iko wapi kabla ya kushika kisu.

Magari kama ishirini yalitengenezwa, na vyumba vya eksirei kama mia mbili vikawekwa katika hospitali za vita. Bibi huyu, mshindi wa tuzo mbili, alijifunza kuendesha gari na kubadili gurudumu. Binti yake Irène, mwenye umri wa miaka 16 tu vita vilipoanza, alikuwa msaidizi wake. Tena alifundisha wanawake wapatao 150 kazi hiyo, maana alijua kuwa chombo bila mikono iliyofundishwa hakimponyi mtu. Inakadiriwa kuwa askari zaidi ya milioni moja walipigwa picha.

Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu, ulioletwa na mionzi aliyofanya nayo kazi miaka mingi bila kinga ya kutosha. Ndiyo sababu leo wafanyakazi wa eksirei huvaa nguo zenye madini ya risasi, na hakuna mwajiri mwenye haki ya kuwanyima.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wenye dhamana ya kununua mashine hizi wasiangalie uzuri wake tu katika vitabu vya wauzaji. Waulize: itafika wilayani? Umeme upo? Fundi yupo? Nani amefundishwa kuitumia, na kinga yake iko wapi? Mashine iliyofungiwa ghalani ni chuma tu, hata ikiwa imegharimu mamilioni. Bibi Curie, kwa magari ya kuombwa, aliwafikia walioumia.